Boya la Bamburi: Safari Moja, Kazi Mbili

Mwishoni mwa Septemba, kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, ikiwa imeanza kulegea na watu wa Bamburi wamerudisha boti majini, kampuni moja ya mbizi ilitoka na wageni watatu kwenda kwenye meli iliyozama ya Dania. Kwenye boti walikuwamo nahodha, kiongozi wa mbizi na msaidizi wake. Pamoja na mitungi ya wageni walipakia roli ya kamba mpya, mnyororo, pingu za chuma za kuunganishia na boya lililotolewa stoo. Mpango ulioandikwa ubaoni ulikuwa mstari mmoja: wakikuta boya la zamani, lile la kufungia boti juu ya meli, halipo, kiongozi atatangulia kushuka alifunge jipya, kisha wageni wafuate.

Kabla ya saa tano asubuhi kiongozi huyo aliokotwa na wavuvi wa mshipi, karibu kilomita moja kaskazini ya meli. Mtungi wake ulikuwa umebaki na hewa ya kubahatisha. Nahodha alikuwa akimtafuta upande mwingine.

Hakuna aliyeumia. Mwenye kampuni aliniomba niangalie kilichotokea, akanipa ruhusa ya kukieleza ilimradi asitajwe yeye wala watu wake. Nilizungumza na wote watatu, kila mmoja peke yake, nikaangalia vifaa, na baadaye nikaenda Kikambala kuangalia kipande cha chuma ambacho kilieleza mengi kuliko watu wote niliowahoji.

Meli na majira

Dania ilikuwa meli ya kubebea mifugo. Mwaka 2002 ilizamishwa makusudi nje ya mwamba wa pwani ya kaskazini ya Mombasa, iwe makao ya samaki na mahali pa kupigia mbizi. Imekaa kwenye mchanga, na chini yake kabisa ni mita 30 hivi. Usiichanganye na maji tulivu ya ndani ya mwamba, yale ya Hifadhi ya Bahari iliyotangazwa mwaka 1986, ambako watalii huenda na boti za kioo. Huko nje ni bahari kuu.

Wageni huuliza sana kuhusu meli nyingine, manowari ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Ile ni urithi. Wataalamu waliichimbua mwishoni mwa miaka ya 1970, na hakuna mwenye akili timamu atakayewaza kuifunga kamba. Dania ni chuma, tena ilizamishwa kwa ajili yetu, kwa hiyo watu huona kwamba chochote kinaweza kufungwa popote. Fikra hiyo imo katika kisa hiki, tutaifikia.

Kuanzia Mei hadi Agosti boti nyingi za mbizi hazitoki. Kusi inapiga, maji yanachafuka, mlango wa mwamba unakuwa mgumu kupita. Demani, msimu wa upepo kulegea, inapoingia ndipo watu hufungua stoo. Kipindi hiki maji yako nyuzi 25 hivi, wakati Machi yalikuwa 29 au zaidi. Najua mtu aliyezoea bahari za kaskazini ya Ulaya atacheka. Kule msimu hufunguliwa maji yakiwa nyuzi 5 au 6. Watu huvaa suti kavu na glavu nene, na regyuleta ya kawaida, kifaa cha kupumulia, inaweza kuganda barafu ndani ikamwaga hewa bila kusimama. Hayo hayatupati. Lakini yule wa Ulaya anajua anaingia kwenye baridi, na amevaa kwa ajili ya baridi. Wa kwetu hutoka na suti ileile ya Februari.

Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Suti ya mpira hukinga kwa viputo vidogo vya gesi vilivyomo ndani yake, na kadiri unavyoshuka viputo hivyo hubanwa: kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, na suti ya mm 3 huwa nyembamba kama fulana. Kiongozi wetu alivaa suti fupi, mikono na miguu wazi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakuwa na nia ya kukaa chini. Dakika kumi tu, alisema.

Asubuhi yenyewe

Siku haikuchaguliwa na bahari. Ilichaguliwa na hoteli, kwa sababu wageni walikuwa wanaondoka kesho yake kwenda Tsavo. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua kamili, yaani maji makubwa. Anayeishi Mombasa anajua hesabu hii bila kitabu: siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa kumi na hupwa mwendo wa saa nne. Wao walifika kwenye meli saa tatu na nusu, maji yangali yanakwenda. Nje ya mwamba, juu ya hilo, kuna mkondo mkuu wa pwani unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi huusukuma ukazidi.

Nahodha aliliona hilo tangu ufukweni. Ni mtu mzima, amevua kwa mshipi kabla ya kushika usukani wa boti za watalii. Alimwambia kijana, yule kiongozi wa mbizi, "Leo maji makubwa, mwanangu. Kazi ya kamba ni ya maji mafu." Maji mafu ni zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Kijana akamjibu, "Ami, wageni wanaondoka kesho. Tukishalifunga, basi." Mzee akanyamaza. Aliniambia baadaye kwamba amri ilikuwa imetoka kwa mwenye kampuni, na yeye ni mwajiriwa. Sikumlaumu, ila nimeandika hapa kwamba onyo lilitolewa, na lilitolewa na mtu aliyestahili kusikilizwa kuliko wote.

Boya halikuwapo. Ekosaunda, kifaa cha kupima kina kwa sauti, ilionyesha meli iko chini yao, kisha ikapotea, kisha ikaonyesha tena. Ili kupata sehemu ya mbele hasa, kiongozi alijitosa na maski, akashika kamba nyuma ya boti akaburutwa taratibu huku akitazama chini. Kwa uchafu wa kusi alikuwa akiona mita nane hivi, na meli ilikuwa chini zaidi ya hapo. Alikaa majini karibu nusu saa akitafuta weusi wa chuma ndani ya kijani. Hii haikuandikwa popote kama sehemu ya mbizi. Kwa mwili ilikuwa sehemu ya mbizi. Alipanda kuvaa mtungi akiwa ameshaanza kutetemeka, na mmoja wa wageni alikuwa ameshaanza kutapika.

Hatimaye wakashusha kamba yenye uzito wa risasi, ikaangukia pembeni ya meli. Kiongozi akashuka peke yake. Msaidizi alibaki na wageni, kwa kuwa wageni hawaachwi. Mkononi kijana alikuwa na ncha ya kamba mpya. Nahodha angeifungua roli polepole, na akivutwa mara tatu angelitupa boya. Kiunoni alikuwa na mfuko wenye mnyororo wa mita tano, pingu na spana malaya. Ili mfuko ufunge alikuwa ametoa puto lake la ishara, lile la kuonekana na boti akiibuka, akaliacha kwenye benchi.

Chini alikuta pete mbili za mnyororo wa zamani zimebaki kwenye nguzo nene ya chuma, ile waliyokuwa wakifungia kamba za bandarini. Hapo ndipo palipostahili. Lakini pini ya pingu ya zamani ilikuwa imeshikana kwa kutu, spana ikawa inateleza, mkondo unamvuta, na kila akikaza mkono mmoja alilazimika kujishikilia kwa mwingine. Akaiacha. Akapitisha kamba kwenye reli ya ukingoni, akapiga fundo, akavuta mara tatu. Juu, nahodha akatupa boya, akaliona limesimama vizuri, akajua kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kamba juu ya chuma chenye kutu haikai, na kijana alilijua hilo, ndiyo sababu alichukua mnyororo. Akaanza kuutoa mfukoni auzungushe kwenye reli. Mita tano za mnyororo wa mm 13 zina karibu kilo 19. Majini chuma hupunguza kama sehemu moja ya nane tu ya uzito wake, kwa hiyo alikuwa ameshika zaidi ya kilo 16. Ili asizame nao alijaza hewa kwenye jaketi lake la kuelea. Vidole vilikuwa vizito. Mnyororo ukamponyoka, ukapita nje ya ubavu wa meli ukaenda mchangani, naye akabaki na jaketi lililojaa na hakuna cha kumshikilia.

Anayejua mbizi anajua kilichofuata. Hewa iliyo kwenye jaketi kwenye mita 27 huwa karibu maradufu ufikapo mita 10, na kila inapotanuka inakupandisha kwa kasi zaidi. Alifanya mambo mawili sawasawa: alivuta kamba ya kutolea hewa mara moja, na hakuzuia pumzi. Akajisimamisha kwenye mita tisa hivi, kompyuta yake ya mbizi, ya kuvaa mkononi, ikilia. Geji ya mtungi ilisoma baa 40, kipimo cha mgandamizo wa hewa, kutoka 200 za mwanzo. Meli haionekani, kamba haionekani, boti haionekani.

Wakati huohuo juu mambo yalikuwa yamesonga. Boya lilipokwisha kusimama, mgeni aliyekuwa akitapika alisema bora aingie majini kuliko kuendelea kukaa kwenye boti. Msaidizi akawashusha wote kwa kamba mpya. Kwa hiyo kwenye boti akabaki nahodha peke yake, akifuata mapovu ya watu wanne akidhani ni watano. Kiongozi alikaa mita tano kwa muda aliouweza, akaibuka akiwa ameshapita. Mkondo wa noti moja (maili moja ya bahari kwa saa) hukubeba karibu mita 900 kwa nusu saa. Suti nyeusi, maski nyeusi, jua usoni mwa nahodha. Wavuvi walimwona kwa kuwa walikuwa chini ya mkondo, wakimtazama mtu anayekuja kwao. Wakampandisha, wakamfunika kwa tanga kwa sababu meno yalikuwa yanagongana, wakapiga makasia kuelekea boti. Kwenye boti akapewa oksijeni, jambo ambalo ni sahihi hata pasipo dalili, na akakatazwa mbizi kwa siku kadhaa.

Hewa iliisha kwa nini

Swali alilonirudia mwenye kampuni ni hili: kijana ana uzoefu, mtungi ulijaa baa 200, kompyuta ilisema bado ana muda wa kukaa chini. Hewa ilikwendaje?

Kompyuta ilisema kweli. Kwenye mita 27 ukitumia hewa ya kawaida una muda wa dakika ishirini hivi kabla ya kulazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni mwilini. Yeye hakuufikia. Lakini kompyuta hiyo haihesabu mapafu. Mtungi wa lita 12 kwa baa 200 una lita 2,400. Ukiweka akiba ya baa 50, unabaki na lita 1,800 za kutumia. Mtu mtulivu hupumua lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 27, ambako mgandamizo ni mara 3.7 ya ule wa juu, hizo huwa lita 74, na 1,800 zinampa dakika 24. Sasa mpe spana, pini iliyoshikana, mkondo wa kupigana nao na mwili unaotetemeka. Lita 40 kwa dakika si nyingi kwa mtu huyo. Chini huwa 148. Dakika 12, akiba imefikiwa.

Zile "dakika kumi tu" zilikuwa sahihi basi, kwa maana mbaya: dakika kumi ndizo alizokuwa nazo, na alizihesabu kwa pumzi za mtu anayetembeza wageni. Hii si hesabu ngumu. Kila kiongozi wa mbizi ameifanya darasani. Haikufanywa siku ile kwa sababu kazi ya boya haikuhesabiwa kuwa mbizi; ilihesabiwa kuwa maandalizi ya mbizi, kama kushusha ngazi au kugawa flipa. Nimeona fikra hiyo kwenye kampuni nyingi, na sioni kosa kubwa kuliko hilo katika kisa chote. Baridi, bamvua, suti fupi, puto lililoachwa kwenye benchi, kushuka peke yake: yote hayo ni matawi yake. Mtu akiambiwa leo ni siku ya kazi ya mita 27, atauliza mwenyewe kuhusu maji, suti na mwenzake. Akiambiwa funga boya halafu tuendelee, hatauliza.

Pete ya Kikambala

Fikra hiyohiyo ndiyo iliyolikata boya la zamani. Kila mtu Bamburi alikuwa na jibu tayari: kusi ilikuwa kali mwaka huu. Sikulipenda jibu hilo, maana kusi haikati mnyororo wa mm 16 uliokuwa mzima.

Kitu kinachokatika Bamburi wakati wa kusi huenda kaskazini. Nikamwomba nahodha aulize Mtwapa na Kikambala. Haikuchukua siku nyingi. Wavuvi wa Kikambala walikuwa wameliokota tangu kusi ya katikati, na boya lilikuwa limegeuzwa kiti nje ya banda lao. Kamba yake, mita nyingi tu na bado nzuri, ilikuwa inafunga ngalawa mbili. Hawakuificha. Hakuna aliyewauliza. Kipande cha mnyororo kilichokuja na kamba kilikuwa kimetundikwa msumarini, na mzee mmoja akanipa nikiangalie huku akisema, "Huu umeliwa, haukuvunjika."

Alikuwa amemaliza uchunguzi kabla yangu. Pete ya mwisho ilikuwa na sura mbili. Upande wa juu zinki ilikuwa bado inaonekana, kijivu kisichong'aa. Upande wa chini chuma kilikuwa kimelika, kikawa na bonde laini linalong'aa kama kijiko, na katikati ya bonde kilibaki mm 5 hivi, penye mpasuko. Chuma cha mm 5 kwa mm 16 kina chini ya sehemu ya kumi ya nguvu ya mwanzo. Pale kilipounganishwa palikuwa na pingu ya chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Ukikutanisha chuma cha pua na chuma kilichopakwa zinki ndani ya maji ya chumvi, cha zinki ndicho huliwa kwanza, na huliwa palepale vinapogusana.

Kwa hiyo mambo mawili yalisaidiana. La kwanza ni hiyo ndoa ya vyuma viwili. La pili ni urefu. Bamvua ya Mombasa hufikia tofauti ya mita tatu na nusu, hata karibu nne, kati ya maji kujaa na kupwa. Kamba inayotosha maji yakijaa inazidi kwa kiasi hicho maji yakipwa, na hapakuwa na chelezo, boya dogo la chini ya maji, cha kuinyanyua katikati. Ziada yote ililala kwenye deki. Kila wimbi lilinyanyua mnyororo na kuuangusha juu ya ukingo wa chuma. Mawimbi ya kusi hupishana kwa sekunde nane hivi. Hiyo ni zaidi ya mara elfu kumi kwa siku moja.

Nikafungua daftari la kampuni. Machi, kabla ya kufunga msimu, limeandikwa: boya sawa, kamba sawa. Aliyeandika ni msaidizi, na hakudanganya. Aliangalia alipokuwa amesimama mita tano na wageni wakimalizia dakika zao tatu za usalama, kwa hiyo aliangalia boya na mita tano za kamba. Sehemu ya chini aliipita kila siku, mbele ya wageni, akiwaonyesha chewa na mkunga. Huwezi kumulika pingu wakati unahesabu watu.

Sehemu ya mnyororo inayokufa kwanza ni hiyo ya chini inayonyanyuka na kuanguka. Ya juu huharibiwa na jua na magamba yanayogandia, nayo huonekana.

Marekebisho

Kamba aliyoifunga kijana siku ile niliiona baada ya wiki mbili. Ilikuwa polipropilini ya dukani, ile ya buluu inayoelea, na reli ilikuwa imeshakata nyuzi zake nusu. Ingekatika kabla ya Desemba, pengine na boti ya watu imefungwa hapo. Lakini lililonitisha zaidi ni reli yenyewe. Chuma cha kawaida baharini hupoteza takriban mm 0.1 kwa mwaka kila upande unaoguswa na maji. Bomba la reli huguswa nje na ndani. Lilianza na ukuta wa mm chache, na limekaa chini tangu 2002. Ukilibana kwa mkono wenye glavu unasikia linakubali. Boti ya kilo elfu kadhaa ilifungwa kwenye kitu hicho, na mwenye kampuni alipoambiwa alisema, "Lakini ni meli nzima ya chuma!" Ndiyo, ila reli ndizo hufa mwanzo.

Kazi ya pili ilifanywa maji mafu, bila mgeni hata mmoja kwenye boti. Wawili chini, wawili juu, mmoja wao amevaa tayari. Suti ndefu za mm 5. Muda wa chini uliandikwa kwa hewa ya mtu anayefanya kazi, na aliyefika baa 100 kwanza ndiye aliyemaliza mbizi ya wote wawili. Vifaa viliteremshwa kwa mfuko wa kuinulia, unaojazwa hewa, uliofungwa kwenye kamba, si kwa jaketi la mtu. Mfuko ukitoroka unakwenda peke yake. Kila kiungo kilikazwa ufukweni kivulini, watu wamekaa juu ya mkeka wanakunywa chai. Chini ilibaki kazi ya kupitisha na kufunga pini moja. Pingu ya zamani ilikatwa kwa msumeno, haikubembelezwa.

Mnyororo sasa umezunguka nguzo nene, na chini yake umewekwa mpira wa kukinga ili usile meli wala meli isiule. Vyuma vyote vimepakwa zinki, hakuna cha pua. Pini zimefungwa zisijifungue. Kamba ni nailoni, na vitanzi vyake vimesukwa. Fundo hupunguza nguvu ya kamba kwa karibu nusu, kusuka hupunguza kidogo sana. Chelezo kimoja kimefungwa mita chache juu ya deki, kinaishikilia sehemu ya chini isilale hata maji yakipwa. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyonunuliwa.

Kulikuwa na mjadala kama ni bora kuachana na meli kabisa na kushusha tofali la zege pembeni. Mimi nalipenda wazo hilo, ila watu hukosea uzito. Zege likiingia baharini hubaki na kama asilimia 57 ya uzito wake. Tofali la tani moja huwa kilo 570 hivi, na boti moja nzito siku ya upepo inaweza kuliburuta. Ili kupata tani moja halisi chini unahitaji karibu tani moja na robo tatu juu, na kwa hilo unahitaji chombo chenye winchi. Fedha hazikutosha.

Boya la nani

Kampuni tatu hutumia boya lile, na wavuvi hulishika wanapongoja maji. Aliyelinunua la kwanza ameshafunga biashara. Tulipokaa kikao, kila mmoja alikiri kwamba aliliona limechakaa na kila mmoja alidhani mwenzake analishughulikia. Kikao kilichukua asubuhi nzima, na sehemu kubwa ilikuwa kugombana nani alitoa nini mwaka gani, siirudii hapa.

Kilichokubaliwa ni kwamba kampuni tatu zinachangia sawa, na kila msimu una safari mbili za kazi zisizo na wageni: moja Machi kabla ya kusi, nyingine demani kabla ya mgeni wa kwanza. Anayekagua anapima pete ya chini kwa kipimo cha chuma na kuandika milimita. Neno "sawa" limefutwa kwenye daftari. Pete ikipoteza robo ya unene inabadilishwa. Wavuvi wa Kikambala wamepewa namba ya simu, na kiasi fulani kitatolewa kwa boya litakalorudishwa. Walichekelea, wakasema kiti chao kimepata bei.

Moja halijaisha. Mimi na kampuni mbili tunataka boya la juu lishushwe kila Aprili na kamba ishikiliwe na chelezo kilicho mita sita chini ya maji, mahali ambapo mawimbi yameshapungua nguvu, kisha lirudishwe demani. Wavuvi hawataki, kwa sababu kusi ndiyo wakati wanaolihitaji zaidi kujishikilia, na kamba isiyoonekana ni hatari kwa mishipi yao. Mwenye kampuni ya tatu anaona gharama tu, na bado anashikilia kwamba kijana angeweza kumaliza kazi ile na wageni wakiwa kwenye boti kama pini isingeshikana. Pini za baharini hushikana. Nahodha wetu ametoa pendekezo la kuweka boya dogo la kuvulia juu ya kamba hiyo wakati wa kusi, jepesi, lenye kamba nyembamba itakayokatika yenyewe ikivutwa sana. Litajaribiwa Aprili, na wavuvi wamesema watalifunga wao.